Kijito cha Wanawake na Karatasi ya Parke

Fwaa! Kimya kidogo. Fwaa!

Hiyo ni sauti ya maji yanayochotwa kwa beseni na kutupwa upande wa pili, na mpaka leo naisikia vizuri kabisa. Nilikuwa na miaka minne. Vita vilikuwa vimetutoa Kindu, na mama alikuwa amenikalisha juu ya mzizi mkubwa msituni, akaniambia nisishuke. Mbele yangu wanawake walisimama ndani ya kijito, matope mpaka kiunoni. Walikuwa wamejenga ukuta wa udongo na vijiti kukata maji, na sasa wanayachota ya upande huu na kuyamwaga ng'ambo ya ukuta. Hakuna aliyeimba wala kucheka, kwa sababu wenye silaha hawakuwa mbali. Fwaa, fwaa, mpaka chini kukabaki matope tu na samaki wakaanza kurukaruka. Mimi nikapiga kelele ya furaha. Mama akaja mbio kuniziba mdomo kwa mkono unaonuka kambare.

Kijito kile kilitulisha miezi mingi. Aliyetupokea ni Mama Mudogo Salima, mdogo wake mama, ambaye aliolewa kule porini, magharibi ya Kindu, kabla ya vita. Tulifika kwake na mkeka na sufuria isiyo na kifuniko. Vita vilipotulia tukarudi mjini, mtaa wetu wa Mikelenge, nikasoma mpaka mwaka wa nne wa sekondari, shule ikaniishia hapo, nikajifunza kushona. Mikono yangu iko kwenye mashine kila siku, lakini kichwa changu kiko safarini. Naota misitu, naota okapi, naota mito ambayo sijui hata majina yake. Wenzangu tunaoshona nao wamenipa jina: Turisti. Turisti ambaye hajawahi kulala nje ya Kindu tangu vita!

Sasa basi, kiangazi hiki, siku ya Jumatatu, mfanyabiashara mmoja wa mafuta ya mawese aliingia tunaposhonea, simu mkononi. "Faila, iko sauti yako humu," akasema, akabonyeza. Alikuwa Mama Mudogo, anapiga kelele kana kwamba simu ni kiziwi:

"Faila mutoto yangu! Watu ya parke walileta karatasi. Ile njo sheria ya mito na pori. Iko Kifaransa tupu. Jumatatu ingine wanasema tuweke kidole. Waume wanasema ni muzuri, lakini sisi wanamuke hakuna mwenye alitusomea. Kuja utusomee. Usikawie!"

Nilimpelekea mama habari hiyo jikoni. Hakuuliza swali hata moja. Alifuta mikono, akasema, "Ule alitulisha. Sasa anaomba macho yako tu. Pelekea yeye."

Nilicheka, nikalia kidogo, nikafunga mfuko.

Jumanne, saa kumi na mbili asubuhi, Mikelenge. Mwenye pikipiki anaitwa Jumaini, jirani anayenijua kwa jina la Turisti, muntu wa maneno mengi, na alipouona mzigo wangu (madaftari mawili, biki tatu, kamusi ya Kifaransa, sabuni na chumvi ya kumpelekea Mama Mudogo) akauliza kama naenda kufungua shule. Tukaondoka. Jamani, ninyi mnaokaa Kindu na kudhani dunia inaishia mwisho wa mji! Nyumba za mwisho zikapita, michikichi ya mawese ikapita, tukakutana na wanaume wanaosukuma baiskeli zilizofungwa vidumu vya mafuta mpaka baiskeli yenyewe haionekani. Halafu ghafla miti ikaisha, nyasi ndefu za njano pande zote, upepo, anga kubwa. Nilimpiga Jumaini mgongoni. "Simamisha! Simamisha nitazame!"

"Utatazama ngapi? Bado kuna nyasi mpaka utachoka."

Lakini alisimamisha. Muntu muzuri.

Kwenye kila daraja la magogo alinishusha. "Turisti, shuka. Daraja hili halipendi watu wawili." Nikavuka kwa miguu, mikono imenyooshwa kama ndege, huku maji meusi yanapita chini, na kila mara nikauliza mto huo unaitwaje, na kila mara Jumaini akajibu, "Unaitwa Mto wa Kuvuka Upesi."

Saa tisa alasiri tulifika kwenye kizuizi cha parke, ile hifadhi ya wanyama: mti umelazwa njiani, kibanda cha majani, na mlinzi aliyevaa nguo za kijani. Walinzi hufungua mifuko ya wote wanaopita kutafuta nyama ya porini. Hapo kando palikuwa na kibao kikubwa kilichochorwa wanyama, na mimi nikasahau mfuko, nikakikimbilia. Okapi! Tembo! Yule sokwe mwembamba wa misitu ya upande wetu! Juu yao rangi nyekundu, maana yake hawaguswi kabisa, mwaka mzima, na yeyote. Chini yao rangi ya njano, wale ambao sheria inaruhusu kuwindwa kwa kibali na kwa majira yake tu. Nilikuwa nasoma kwa sauti bila kujua, na nilipogeuka nikakuta watu wamenizunguka wanasikiliza. Mama mmoja mwenye kapu la mihogo akauliza, "Na kambare? Iko wapi kwenye hii kibao?"

"Hayumo, mama."

"Basi Mungu ametukumbuka," akasema, na watu wakacheka, mlinzi naye.

Mlinzi akapekua madaftari yangu ukurasa kwa ukurasa. Jumaini akamwambia, "Angalia vizuri, mukubwa. Huyu anaweza kuwa amekunja okapi humo ndani."

Tulilala kijiji cha karibu, kwa rafiki yake Jumaini na mke wake. Jumatano asubuhi pikipiki ikashindwa na njia, Jumaini akaniaga kwa ahadi ya kurudi kunichukua Alhamisi ya wiki ya pili, nami nikafuata kwa miguu akina mama waliokuwa wanarudi kutoka sokoni. Msitu ukafunga juu yetu. Nilitembea mdomo wazi. Kila mlio nikauliza ni nini, mpaka mmoja wao akasema, "Dada, ile ni tumbo yangu. Inalia njaa."

Mchana nilifika. Mama Mudogo Salima alikuwa anatwanga mpunga. Aliacha mtwangio ukaanguka, akanishika uso kwa viganja viwili, akanigeuza kushoto na kulia. "Umenona! Dada yangu anakula nini huko mujini?" Ana nywele nyeupe sasa, lakini mikono ni ileile, migumu, yenye vidole vifupi. Kabla sijanywa maji, wanawake walikuwa wamekwisha kujaa chini ya paa la jiko. Katikati yao alikaa Bibi Amba, mwanamke mwembamba mwenye meno mawili na ulimi wa watu kumi. Yeye ndiye anayefungua kijito kila kiangazi. Bila yeye kuweka konzi ya kwanza ya udongo, hakuna anayejenga ukuta.

"Hii njo ile mutoto alipiga makelele samaki ikiruka?" akauliza. "Ilibaki kidogo watuue kwa ajili ya furaha yake."

Nikaomba msamaha baada ya miaka yote hiyo, nikawaambia mjini naitwa Turisti, na wakacheka. Kisha nikafungua karatasi.

Nilisoma polepole, kila kifungu, Kifaransa kwanza halafu Kiswahili. Ndani ya parke hakuna kuwinda, kukata miti, kuchimba madini wala kujenga. Nje yake, kwenye ukanda ambako kijiji kiko, watu walime na wawinde wanyama wa njano, kwa majira. Kwenye mto mkubwa, ambao ndio mpaka, wenyeji wavue kwa nyavu za macho makubwa. Sumu, baruti na vyandarua vya mbu ni marufuku. Wanawake waliitikia, "Muzuri. Muzuri." Nami nikafurahi, kwa sababu kweli ilikuwa nzuri.

Ukafika ukurasa wa mwisho. Vijito vyote vinavyoingia parke: baraji za aina zote zimekatazwa, wakati wote.

Kila mmoja hapo alilijua neno baraji, maana hata wao wanauita hivyo ule ukuta wao wa udongo.

"Rudia," akasema Mama Mudogo.

Nikarudia.

"Tena."

Nikarudia mara ya tatu, na sauti yangu ikawa ndogo kama ya mwizi.

Tukamwendea shefu wa kijiji, tukamkuta anatengeneza wavu wake. Hakuwa mubaya, alishangaa tu. "Walituuliza mto, tukajibu mto," akasema. "Vijito hawakuuliza. Ile ni mambo yenu, wanamuke. Sisi hatuendi huko."

"Njo sababu ulipashwa kutuita!" Mama Mudogo akamjibu. Shefu akarudi kwenye wavu wake. Siku nne zilibaki kabla ya kidole. Wakiweka kidole hivi hivi, kiangazi kijacho kijito ni haramu, na samaki wa wanawake hawa, wanaolisha watoto wao bila kumwomba mume yeyote, wamekwisha.

Alhamisi alfajiri, mimi na Mama Mudogo tukaenda kwenye kituo cha parke, mwendo wa nusu siku. Nilikuwa na hofu, lakini mniwie radhi, nilikuwa na furaha pia, kwa sababu njiani tuliona kinyesi kibichi cha tembo na mimi nilikizunguka mara mbili kama vile ni hazina. Kituoni alitupokea Bwana Lukali, ambaye kazi yake ni kuzungumza na vijiji. Ni muntu wa makamo, miwani, sauti ya mwalimu. Ukutani kwake kulikuwa na ramani kubwa. Alitafuta kijito chetu kwa kidole, akakipata: mstari mwembamba wa buluu, hauna jina.

"Hapa tuliandika kwamba hakuna matumizi ya watu," akasema.

"Na sisi ni nini, baba?" akauliza Mama Mudogo. "Ni nyani?"

Bwana Lukali akavua miwani, akaifuta. Akaeleza kwa heshima. Wachimba dhahabu huziba vijito, wakageuza maji, wakasafisha mchanga wao, na tope linaua kila kitu mpaka mbali. Wengine huziba kisha wakamwaga sumu nyuma ya ukuta. "Sheria haikuwafikiria ninyi, mama. Iliwafikiria wale. Lakini ikiandikwa, haijui kuchagua baraji na baraji."

"Basi njoo uone ya kwetu!" nikaruka kusema. "Jumamosi wanakausha. Njoo uone kwa macho yako, uandike!"

Uso wake uling'aa. Akachukua kitabu chake, akaandika: Jumamosi. Na papo hapo Mama Mudogo akanifinya paja kwa vile vidole vifupi, nikaona nyota mchana.

Tulipotoka nje akaniwakia. "Umefanya nini? Umekaribisha mwanaume kwenye kijito!"

Ndugu zangu, mimi nilikuwa sijui. Niliondoka pale mtoto. Kumbe siku ya kukausha, mwanaume hakanyagi. Akikanyaga, samaki wanazama kwenye matope na hawatoki, na mwaka mzima kijito kinawakasirikia wanawake. Hata shefu siku hiyo anazungukia njia ya mbali. Na mimi, Turisti, nimekaribisha mmoja mwenye miwani na kitabu! Nilirudi njia nzima nimeinamisha kichwa, tembo wamenitoka moyoni.

Jumamosi, jua limepanda. Wanawake walikuwa wamekwisha kujenga ukuta, na Bwana Lukali akatokea kati ya miti, amefika kwa saa yake, viatu vya ngozi, anatabasamu. Kelele iliyotoka hapo! "Turisti ameleta turisti!" "Murudishe!" "Mabeseni yangu nabeba naenda!" Mama Mudogo hakunitazama. Bwana Lukali alisimama mguu mmoja mbele, hajui kosa lake, na nilipomweleza akarudi nyuma hatua tatu. "Basi sitaona," akasema kwa huzuni. "Na nisipoona siwezi kuandika."

Ndipo Bibi Amba akapanda kutoka kwenye matope, akamzunguka, akamtazama chini mpaka juu kama anayenunua mbuzi.

"Mwanaume haingii," akasema. "Mwanamuke anaingia."

Akafungua kikwembe chake cha juu, akabaki na cha ndani, akamfunga Bwana Lukali kiunoni, fundo mbele. Akamvua kofia, akamfunga kitambaa. Akampa beseni. "Unaitwa Mama Lukali. Shuka."

Naapa sijacheka hivyo tangu kuzaliwa! Na yule bwana, Mungu ambariki, alivua viatu, akashuka. Akaingia matope mpaka magotini, akaanguka, akainuka, akachota.

"Mama Lukali, na miwani? Unataka samaki zikusomee?"

"Mama Lukali, inamisha mugongo!"

"Mugongo unauma," akasema.

"Unauma? Na hata haujazaa!"

Alichota mpaka maji yakaisha. Samaki walitoka, kambare wanene na mungusu wenye madoa, na Bibi Amba akatangaza kwamba kijito kimemkubali. Bwana Lukali alikuwa anatazama kila kitu. Aliona wanawake wanavyowatupa wadogo ng'ambo ya ukuta, kwenye maji, bila kuambiwa na mtu. Aliona kazi ilipokwisha wote wanavyovunja ukuta kwa miguu, kijito kikaendelea na safari yake. Akaandika kwa vidole vya matope, kitabu kikachafuka chote.

"Hii nitaitetea," akasema. "Lakini nionyesheni na kule juu kunakotoka maji."

Wanawake wakamtazama Mama Mudogo. Juu, mwendo wa saa moja, nyuma ya jiwe kubwa, kuna shimo la maji lenye kina. Ni lake. Hapo pia alitulisha vitani, mbali na njia za wenye silaha. Baraji yake ilikuwa tayari: wiki iliyotangulia Bibi Amba aliweka konzi ya kwanza, naye akaijenga peke yake, anangoja siku ya kukausha.

Tulikwenda watu wanne: yeye, Bibi Amba, Mama Lukali na kikwembe chake, na mimi. Maji yalikuwa meusi na yametulia. Bwana Lukali alipiga magoti, akaingiza mkono polepole chini ya ukingo, akangoja, akatoa kambare mkubwa. Akampapasa tumbo kidogo. Mayai ya kijani yakatoka kwenye vidole vyake. Akamrudisha upesi. Akatoa wa pili, vilevile. Wa tatu, vilevile.

"Wote ni wamama," akasema. "Wanangoja mvua. Mvua ikija wanashuka kujaza kijito chenu." Akakaa juu ya jiwe. "Mama Salima, kule chini nitagombana na wakubwa wangu kwa ajili yenu. Hapa siwezi. Hapa nikiandika ruhusa nitakuwa nimeandika uongo."

Mama Mudogo akaninyooshea kidole. "Hapa njo nilimulishia huyu. Unaona hii mwili? Ilitoka hapa. Na wewe unataka nifunge?"

Bibi Amba ndiye aliyemjibu, na safari hii bila mzaha.

"Salima. Wenye bunduki walipomwaga sumu kwenye mto mukubwa, na kwenye kijito, samaki zilielea mpaka nyeupe tupu. Tulisema imekwisha. Kisha zilirudi. Zilirudi kutoka wapi?"

Mama Mudogo akayatazama maji.

"Hapa," akasema.

Jumatatu, kijiji kizima kilikusanyika mbele ya nyumba ya shefu. Bwana Lukali alikuwa amelala kijijini siku mbili, akatuma mtu kituoni apeleke ujumbe kwa wakubwa wake kwa redio, na jibu lilikuwa limekuja: inawezekana, iandikwe wazi. Alinipa biki, na mimi Faila wa Mikelenge, mwaka wa nne, nikaandika kifungu cha sheria! Yeye Kifaransa, mimi Kiswahili chini yake. Kutoka jiwe kubwa kwenda chini, wanawake wa kijiji wanakausha wakati wa kiangazi, baraji za udongo na vijiti tu, zinavunjwa siku ileile, bila sumu. Kutoka jiwe kwenda juu, pamefungwa kwa wote. Baraji zilizoko huko ziondolewe ndani ya siku tatu.

"Kwa wote ni nani?" Bibi Amba akauliza. "Na waume?"

"Na waume," nikaandika.

"Na watu ya parke?"

"Isipokuwa mlinzi aliye kazini."

"Na waturisti?"

Nikasita. Watu wote wakaniangalia. Nikaandika: na watalii. Hivyo ndivyo nilivyojifungia mlango kwa mwandiko wangu mwenyewe. Walipiga makofi mpaka kuku wakakimbia.

Wanaume waliweka kidole, halafu, kwa mara ya kwanza, wanawake. Mama Mudogo Salima akatajwa kuingia kwenye kamati ya mto. Shefu alimpisha kiti chake, akasema, "Sasa hata mambo ya wavu wangu nitakuuliza wewe." Akamjibu, "Utauliza, na macho ya wavu wako nitayapima." Alicheka na wote. Lakini jioni Mama Mudogo alipika bila kuonja.

Jumanne alisema, "Kesho nitaenda kuvunja." Jumatano alichukua panga, akaenda, akarudi na kuni. Akaziweka chini taratibu, asinitazame. "Kesho," akasema. Kesho ndiyo ilikuwa siku ya tatu.

Alhamisi niliagana nao asubuhi, nikatembea, nikamkuta Jumaini ananingoja na pikipiki yake mahali pale pale. Akauliza, "Umeona okapi?" Nikamwambia hapana, hata kwato, lakini nimeona baba wa parke amefungwa kikwembe, na yeye akasema mimi ni mwongo mkubwa kuliko alivyodhani. Kwenye nyasi za njano alisimamisha bila kuombwa.

Ijumaa saa kumi nilikuwa Kindu. Mama alinisikiliza mpaka mwisho, ameshika shavu. Nilimwambia niliyojifunza, na ninyi nawaambia. Nilidhani sheria ya mito na ya pori inatoka mbali ikiwa imekamilika, kama mvua, na kazi yetu ni kujikinga tu au kulowa. Kumbe inaandikwa na waliokuwepo, na ambaye hayupo anabaki mstari mwembamba usio na jina. Lakini nilijifunza pia kwamba ukishakuwepo, utaombwa kuacha kitu, na si kitu kidogo, ni kile unachokipenda. Mama Mudogo alipata kijito na akapoteza shimo lake, siku moja, kwa karatasi moja, na sijui mizani gani inaweza kupima hayo mawili. Mimi bado nina furaha. Kiangazi kijacho nitarudi, nikae upande wa chini wa jiwe kama sheria inavyosema!

Mama aliuliza kitu kimoja tu. "Na ile baraji ya juu, Salima aliweza kuivunja?"

"Imevunjwa, mama," nikasema. Akaridhika.

Sikumwambia zaidi. Alhamisi ile, kabla ya mtu kuamka, kulipokuwa kunapambazuka, nilipanda peke yangu mpaka nyuma ya jiwe. Nilivua kandambili, nikaingia. Maji yalikuwa baridi. Nikaanza kung'oa vijiti kimojakimoja, nikaviweka ukingoni, kisha udongo kwa mikono, na samaki wakanigusa miguuni, sikuwashika. Chini kabisa, pale ukuta ulipokuwa unavuja, kulikuwa na kikwembe cha zamani cha Mama Mudogo kimesindiliwa kuziba tundu, cha buluu, kimechakaa. Nilikivuta, na maji yakapita yote. Nikakifua kwa kipande cha sabuni, mbali na shimo, nikakikamua mara mbili, nikarudi nacho kijijini, nikakianika kwenye kamba nyuma ya jiko lake, mahali atakapokiona, halafu nikaingia ndani kufunga mzigo.